MAUMIVU YA MGUU YANAYOKUNYIMA USINGIZI



Katika ukurasa huu tumezoea kukuambia habari za kofia ya usalama, za viatu vya kazi, za vumbi na za mashini. Leo tunataka kusema nawe juu ya mguu wako. Hatusemi juu ya mguu uliopigwa na jiwe, wala ule uliobanwa na mashini, kwa sababu huo kila mtu anauona na anaukimbiza lopitali. Tunasema juu ya mguu usio na kidonda, usiovimba, ambao ukiutazama huoni kitu, na hata hivyo unauma mpaka machozi yanatoka.

Ukimwuliza mwenzako wa ekipi atakujibu mara moja: «Ni kazi hiyo.» Ukimwuliza jirani yako atasema: «Ni siatiki, mimi pia ninayo.» Mara nyingi wanasema kweli. Anayeongoza kamioni kubwa anatikiswa tangu posti inaanza mpaka inaisha, na mtikiso huo unachosha mgongo. Anayeinua vyuma katika atelie, anayefanya kazi chini ya udongo akiwa ameinama, mama anayebeba ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, wote wanaweza kuumwa mgongo, na mgongo unapeleka maumivu mguuni. Hatukatai.

Lakini kwa kuwa jibu hili ni kweli mara nyingi, watu wameacha kuuliza zaidi. Hapo ndipo hatari ilipo. Maoni yetu ni haya: mtu akilalamika mguu, haitoshi kumwuliza, «Uliinua nini?» Inafaa kumwuliza pia, «Unalala namna gani?» Swali hilo la pili ni dogo, halina bei, na linaweza kuokoa miguu ya mtu.

TAA IMEZIMIKA NYUMBANI, UBAYA UKO KWENYE KABINI

Fundi wa umeme anajua jambo hili vizuri. Taa ikizimika nyumbani, mtu asiye fundi anabadilisha ampuli. Anabadilisha ya pili, anabadilisha ya tatu, na giza linabaki. Fundi yeye anafuata waya. Anatoka nyumbani, anakwenda mpaka kabini, na huko anakuta waya umebanwa. Ampuli haikuwa na kosa.

Mguu wako ni kama ampuli hiyo. Waya zake ni mishipa ya fahamu, ile inayopeleka amri ya kutembea kutoka kichwani, na inayorudisha kichwani habari za maumivu, za joto na za baridi. Mishipa hiyo haianzi mguuni. Inaanzia mgongoni.

Mgongo wa mtu una mifupa 33, mmoja juu ya mwingine: 7 ya shingo, 12 ya kifua, 5 ya kiuno, 5 iliyoungana pamoja chini ya kiuno, na 4 midogo kabisa mwishoni. Katikati ya mifupa hiyo kuna njia kama bomba. Ndani ya bomba hilo unapita uti wa mgongo, yaani kebo kubwa inayotoka kwenye ubongo. Kutoka kwenye kebo hiyo mishipa inatoka mbele ya mbili, mmoja kuume na mmoja kushoto, jumla jozi 31. Kwa mtu mzima kebo yenyewe inaishia karibu na mfupa wa kwanza au wa pili wa kiuno. Chini ya hapo inabaki mishipa tu, imening'inia pamoja ndani ya bomba, ndiyo maana waganga wanaiita «mkia wa farasi». Mishipa mingi ya miguu yako inapita hapo, pamoja na ile ya mkojo na ya choo.

Basi kitu kikibana mshipa huko mgongoni, kichwa kinapokea habari kama vile inatoka mguuni. Utapakaa mafuta kwenye paja, utafunga kitambaa kwenye goti, utakanda ndama ya mguu kwa maji ya moto. Unabadilisha ampuli, ndugu yangu, na ubaya uko kwenye kabini.

KIVIMBE KIDOGO MAHALI PEMBAMBA

Kati ya vitu vinavyoweza kubana mshipa, kimoja hakijulikani sana kwa watu: kivimbe kinachoota kwenye mshipa wenyewe.

Kila waya una plastiki inayoufunika. Mshipa wa fahamu nao una ganda lake, na ganda hilo linatengenezwa na chembe ndogo zinazoitwa chembe za Schwann. Jina hili ni la Theodor Schwann, mtaalamu wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1810 na kufa mwaka 1882, na ambaye alifundisha miaka mingi huko Ubelgiji, kwanza Louvain, halafu Liège. Pengine chembe hizo zinaanza kuongezeka bila mpango, zinafanya donge. Waganga wanaliita shwanoma. Kuna na vivimbe vingine vya jamii hiyo. Kimoja kinaitwa nerofibroma, na watu wengine wanakuwa nacho kwa urithi, pamoja na madoa mengi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi na vinundu laini mwilini. Kingine ni meninjioma, kinachoota kwenye ngozi nyembamba inayofunika uti wa mgongo. Hicho kinawapata zaidi wanawake, na mara nyingi kiko mahali pa kifua.

Sikiliza vizuri mambo haya matatu. Jambo la kwanza: vivimbe hivi vingi si kansere. Havisambai mwilini, vinakua polepole, pengine kwa miaka. Jambo la pili: havitoki kwa mzigo ulioinua, wala kwa vumbi, wala kwa mtu aliyekuonea wivu. Haviambukizi. Jambo la tatu: ni vichache. Kati ya watu 100 000, kwa mwaka mmoja, wanaopata kivimbe cha ganda la mshipa mgongoni hawafiki mtu mmoja. Kwa hiyo usisome ukurasa huu ukaanza kutetemeka kwa sababu goti linauma. Uwezekano mkubwa ni kwamba goti lako ni goti tu.

Sasa utatuuliza: kama si kansere, na kama ni wachache, mbona mnatupigia kelele? Kwa sababu ya mahali kilipo. Donge la ukubwa wa haragi likiota mkononi, unalibeba mpaka uzeeni bila shida. Donge hilo likiota ndani ya bomba la mifupa, halina nafasi. Mfupa hausogei. Kinachosogea ni mshipa, unabanwa, kisha unabanwa tena, mpaka siku moja unaacha kufanya kazi. Na mshipa uliobanwa muda mrefu sana, hata ukifunguliwa, hauamki sikuzote.

MCHANA UNASEMA MOJA, USIKU UNASEMA LINGINE

Namna gani ya kutofautisha? Siatiki ya kawaida mara nyingi inatoka kwenye diski. Kati ya mfupa na mfupa wa mgongo kuna kitu laini kama mpira, kinachopunguza kishindo. Hicho ndicho diski. Ikitoka kidogo mahali pake inabana mshipa. Mara nyingi maumivu hayo yanaanza siku unayoikumbuka. Yanaongezeka ukiinama au ukikaa sana kwenye kiti cha kamioni. Ukilala vizuri yanapungua. Na kwa watu wengi yanatulia katika majuma kadhaa, hata bila kupasuliwa.

Maumivu ya kivimbe yana tabia nyingine. Yanaanza polepole, huwezi kutaja siku. Mwezi huu ni zaidi kuliko mwezi uliopita. Kupumzika hakuyaondoi. Na jambo lake kubwa ni hili: kwa wagonjwa wengi yanaamka wakati mtu analala. Ukinyoosha mwili kitandani, mguu unaanza kuwaka moto. Mtu anaamka saa nane ya usiku, anatembea uwanjani peke yake, anarudi, anaketi kwenye kiti, na hapo kitini anapata usingizi kidogo. Kuna wagonjwa waliopitisha miezi mingi wakilala wameketi, kabla mtu hajawauliza kwa nini.

Wewe unayefanya posti ya usiku, usijidanganye kwa neno «usiku». Usiku wako ni ile saa unapolala, hata kama jua liko juu. Kama unarudi nyumbani saa moja ya asubuhi, unalala, na mguu unakufukuza kitandani, hiyo ndiyo dalili tunayoisema.

Baadaye zinakuja dalili nyingine. Mguu mmoja unakuwa mwembamba kuliko mwenzake. Ncha ya kiatu inagonga vidaraja vya ngazi. Sandali inatoka mguuni na wewe husikii. Unamwaga maji ya moto na sehemu moja ya ngozi haisikii kitu.

Hatusemi kwamba kila anayeumwa usiku ana kivimbe. Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo, na sisi watu wa migodi tunajua kwamba vumbi la mawe likiharibu mapafu linafungulia kifua kikuu mlango. Kwa wazee wanaume, kansere ya prostate inaweza kushuka mgongoni. Haya yote pia yanauma usiku, yote yanataka munganga, na kifua kikuu cha mgongo kinatibiwa kwa dawa. Ndiyo sababu swali la usingizi lina faida hata pale ambapo hakuna kivimbe.

WALIKIGUNDUA BILA MASHINI

Mtu anaweza kutujibu: «Maneno mazuri, lakini kuona kivimbe hicho kunataka mashini ya IRM. Mashini hiyo haiko katika kila lopitali, na bei yake ni kubwa. Mtampeleka kila anayeumwa mguu?»

Hapana. Tusikilize habari ya mwaka 1887. Huko London, katika lopitali ya Queen Square, alifika mgonjwa wa miaka 42. Alikuwa anaumwa mgongo tangu miaka 3, waganga walikuwa wameupa ugonjwa wake majina mbalimbali, na sasa miguu yote miwili ilikuwa imekufa. Munganga William Gowers alimsikiliza na kumpima kwa mikono, akapata mahali ambapo ngozi iliacha kusikia, akasema: kitu kinabana hapa, penye kifua. Tarehe 9 Juni 1887, munganga Victor Horsley akampasua. Mahali pa kwanza hawakuona kitu. Wakapanda juu kidogo, na hapo wakakuta kivimbe kama lozi. Mwaka uliofuata mtu yule alikuwa akitembea na kufanya kazi. Ilikuwa mara ya kwanza inayojulikana kwa waganga kutoa kivimbe cha uti wa mgongo na mgonjwa kupona hivyo.

Wakati huo IRM haikuwapo. Hata radio haikuwapo. Röntgen aliivumbua mwaka 1895. Waliotangulia walitumia masikio, mikono, sindano ya kugusia ngozi na maswali. Vitu hivyo viko katika kila dispensere ya migodi. Kumwambia mgonjwa atembee kwa visigino, kisha kwa vidole, ni kazi ya dakika moja. Kupima paja moja na lingine kwa utepe, kugonga goti kwa nyundo ndogo, kugusa ngozi kwa pamba, ni dakika nyingine tano. Wale wachache watakaoonyesha dalili, hao ndio wa kupelekwa kwenye IRM, hata kama iko mbali. Kampuni inayolipa gurudumu la kamioni kubwa inaweza kulipa safari ya mtu mmoja.

Na neno moja juu ya radio. Radio inaonyesha mifupa. Mshipa haiuonyeshi. Kama radio yako ilitoka safi na maumivu ya usiku yanaendelea, usikubali kuambiwa «huna kitu». Rudi.

NANI ANATUCHELEWESHA?

Tuseme ukweli. Ugonjwa huu unachelewa kugunduliwa kwa sababu zetu sisi wote.

Mfanyakazi anaficha. Anaogopa kupelekwa kwenye kazi nyepesi na kupoteza primu. Tunaelewa; nyumbani watoto wanangoja. Lakini fikiri: mguu usio na nguvu ndio unaokanyaga freni ya kamioni iliyojaa mawe. Mguu usiosikia ndio unaotafuta kidaraja cha ngazi gizani. Ukianguka, hutaanguka peke yako. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shefu na kapita wanahukumu haraka. Wanamwona mtu mwenye nguvu, hana bandeji, wanasema ni mvivu anayetafuta karatasi ya siku tatu. Shefu, wewe hukuajiriwa kupima miguu. Mvivu analala vizuri. Mtu ambaye mke wake anashuhudia kwamba amelala kitini majuma matatu, mtume kwa munganga na umwache munganga aseme.

Jirani na mufumu wanatoa dawa. Wanachanja mguu kwa wembe, wanaingiza unga. Wembe huo unaweza kuleta magonjwa mengine, na kwenye kivimbe cha mgongoni haufiki kamwe. Wengine wanamwita kijana anayejua kupiga sindano, naye anapiga kinini au dawa nyingine katikati ya tako. Hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa wa mguu. Watu wengi wamelemazwa na sindano iliyopigwa vibaya, na ugonjwa wao wa kwanza ulikuwa homa tu.

Na sisi wa afya pia tuna sehemu yetu. Foleni ni ndefu, mgonjwa anasema «mguu», infirmie anaandika vidonge vya maumivu, na «anayefuata!» Mtu yule akirudi mara ya pili, ya tatu, ya nne kwa mguu ule ule, kuongeza vidonge si kumtibu. Vidonge hivyo vikizidi vinachoma tumbo na kuharibu figo, na wakati huo kivimbe kinakua kimya. Tungependa kila dispensere iwe na sheria moja: anayerudi mara ya tatu kwa mguu ule ule hapewi vidonge kabla ya kuvuliwa viatu na kupimwa.

KUPASULIWA KUNAOGOPESHA, LAKINI…

Wengi wakisikia «kupasua mgongo» wanakimbia. Wanasema: «Nitatoka na kiti cha magurudumu.» Tuwajibu bila kuwadanganya. Kupasua mgongo si mchezo, na hakuna munganga wa kweli atakayekuapia kwamba mambo yatakwenda sawa. Lakini siku hizi munganga wa mishipa anafanya kazi hiyo akitazama kwa mikroskopi, na shwanoma mara nyingi inatoka yote. Kwa wagonjwa wengi maumivu ya usiku yanaondoka. Na mara nyingi kivimbe kikionekana kidogo, bila udhaifu wa mguu, munganga anaweza kungoja na kuangalia. Kinachopeleka watu kwenye kiti cha magurudumu zaidi ni kuchelewa: aliyefika akitembea ana tumaini kubwa kuliko aliyefika akibebwa.

SHIKA HAYA KICHWANI

Nenda kwa munganga juma hili, usingoje mwisho wa mwezi, kama:

– maumivu ya mguu au ya kiuno yanakuamsha usingizini na kukutoa kitandani;
– yanaongezeka mwezi kwa mwezi, na kupumzika hakuyasaidii;
– mguu unapungua nguvu, unakonda, au sehemu ya ngozi haisikii;
– pamoja na maumivu una homa, unakonda mwili, au unatoka jasho usiku.

Nenda leo hii, hata usiku, hata kwa kubebwa, kama:

– mkojo unakataa kutoka, au unatoka wenyewe, au choo kinatoka bila wewe kujua;
– mahali unapokalia, kati ya mapaja, pamekufa ganzi;
– miguu yote miwili inalegea.

Hizo tatu za mwisho hazingoji kesho. Saa zinahesabiwa.

Ukifika mbele ya munganga, usiseme tu «mguu unauma». Mwambie tangu lini. Mwambie unauma zaidi saa gani. Mwambie unalala wapi: kitandani au kitini. Kama una madoa mengi ya kahawa kwenye ngozi, au baba yako anayo, mwonyeshe. Na wewe mama, kama mume wako ni mtu wa kunyamaza, mfuate mpaka dispensere ukaseme wewe. Wewe ndiye unayejua anaamka mara ngapi.

Ndugu mfanyakazi, mgongo wako umebeba nyumba nzima. Mguu ukikuuma mchana baada ya kazi, pumzika, nyoosha mwili, inua mizigo kwa kupiga magoti. Lakini mguu ukikunyima usiku, usiunyamazie. Sema mapema, ungali unatembea.